Umepungua, Hongera

"Fundi, naomba uzime feni."

Ilikuwa saa nane mchana, Sinza, mwezi wa pili. Anayeijua Dar ya Februari hahitaji maelezo. Kibanda cha fundi ni cha bati, pasi inawaka pembeni, na kwenye benchi tumebanana wanawake wa ukoo mzima tukijipepea kwa kadi za michango. Feni ile moja ndiyo iliyokuwa mkombozi wetu. Sasa mdogo wangu, bibi harusi mwenyewe, kasimama mbele ya kioo ndani ya gauni lake, vinyweleo vya mikono vimemsimama, anaomba izimwe.

Anasikia baridi.

Fundi akazima, akarudi kwenye pini zake. Gauni alilolikata Desemba lilikuwa linampwaya kila upande, na kila pini iliyoingia kiunoni ilipokelewa kwa vigelegele. "Umepungua we! Umependeza! Tupe siri!" Mdogo wangu (ni binti wa mama mdogo, ila tumelelewa pamoja) akatabasamu huku ameshika ukingo wa cherehani, akisubiri kizunguzungu kipite.

Harusi ikafanyika, ikapendeza, watu wakala wakasaza. Ile baridi haikunitoka. Wiki zikapita nikawa bado najiuliza: binti mzima wa afya anasikiaje baridi chini ya bati, Dar es Salaam, mwezi wa pili?

## Yai, tango na sauti ya mwalimu

Mpango aliupata kwenye grupu la WhatsApp, ada elfu ishirini. Asubuhi maji ya uvuguvugu na limao. Mchana yai moja la kuchemsha, tango, kipande cha parachichi. Jioni chai ya tangawizi na mdalasini, bila sukari. Wali, ugali, chapati, ndizi, hata maharage: marufuku. Ukilalamika njaa, mwalimu anatuma sauti: hiyo si njaa, ni uroho unaaga.

Nikakaa nikapiga hesabu. Yai lina kalori kama 75. Tango zima halifiki 50. Robo ya parachichi, tuseme 80. Hata ukimwongezea kijiko cha asali cha kuiba usiku, siku nzima haigusi 400. Mwanamke wa umri wake, anayegombania daladala asubuhi na kusimama dukani kutwa, anahitaji kama 2,000.

Na mizani ilikuwa inamuunga mkono mwalimu. Wiki ya kwanza, kilo nne. Sehemu kubwa ya hizo hayakuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika kama gramu 3 za maji. Ukiacha kula, akiba inatumika na maji yake unayakojoa. Mafuta hupungua kweli baadaye, lakini hayaendi peke yake. Misuli nayo inaliwa, na moyo ni msuli.

Katika ukoo mzima aliuliza mtu mmoja tu: bibi yetu aliyeko Bukoba. Alipoonyeshwa picha za kwa fundi kwenye simu akasema, "Huyu mtoto anaumwa nini?"

Watu wakacheka.

Bibi alikuwepo Kagera mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogundulika kulekule. Amezika majirani na ndugu. Kwake yeye mtu kukonda ghafla halijawahi kuwa jambo la kupigiwa vigelegele. Tukamwona wa zamani.

## Wanaume 36 chini ya uwanja wa michezo

Nilipoanza kusoma, nikaikuta baridi ileile mahali nisipopategemea: Minnesota, Marekani, mwaka 1945.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaelekea ukingoni, Ulaya imejaa watu wenye njaa, na mwanafiziolojia Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitaka kujua watu hao walishwe vipi ili warudi katika hali yao. Akachukua vijana 36 waliojitolea, wote wakiwa wamekataa kupigana vitani kwa sababu za dhamiri, wote wazima wa mwili na akili. Wakapewa malazi chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo. Kwa wiki 24, kuanzia Februari hadi Julai 1945, walikula viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi, kama kalori 1,570 kwa siku kwa wastani, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Lengo lilikuwa wapoteze robo ya uzito wao.

Iangalie vizuri hiyo namba: 1,570. Sawa, walikuwa wanaume, tena wanaotembea sana. Lakini kwenye grupu la mdogo wangu mtu akila kiasi hicho anaambiwa amevunja mpango.

Walisikia baridi. Katikati ya kiangazi cha kwao waliomba mablanketi. Mapigo ya moyo yakashuka, miguu ikavimba maji, hamu ya wanawake ikafa. Wakawa wakali kwa vitu vya kijinga, kisha wakajitenga. Walilamba sahani. Walikunywa chai na kahawa mfululizo mpaka ikabidi wawekewe kikomo cha vikombe 9 kwa siku. Na watu ambao hawakuwahi kujali jiko wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani.

Hapo nikaweka simu chini.

Mdogo wangu ni mtu ambaye nyumbani hajui hata chumvi inakaa kabati gani. Miezi ile alikuwa anaangalia video za mapishi mpaka saa saba usiku. Jumapili alipika biriani, akawapakulia watu, akakaa kwenye stuli kuwatazama wanavyokula, akiuliza kila mmoja nyama imeivaje, viazi vimeshika viungo au la. Tulimsifu. Tulisema anajiandaa kuwa mke.

Mmoja wa vijana wale wa Minnesota alijikata vidole vitatu kwa shoka akipasua kuni, na baadaye hakuweza kusema kwa hakika kama ilikuwa ajali. Hawa ni watu waliokuwa na msimamo kiasi cha kuikatalia serikali bunduki wakati wa vita. Huwezi kuwaambia hawana nia. Njaa ndiyo iliyowageuza, na walipolishwa vya kutosha wakarudi walivyokuwa, taratibu, kwa miezi. Kila nikisikia mwalimu wa grupu akimkaripia mtu kwamba hasira zake na ndoto zake za chapati ni udhaifu wa moyo, nawakumbuka.

Mwili unaobaniwa chakula hufanya tunachofanya sisi uniti za LUKU zikibaki tatu: friji linazimwa, pasi inarudi kabatini, taa inawaka moja. Joto la mwili linahesabiwa anasa. Nywele, anasa. Uzazi, anasa kubwa.

## Si tunafunga kila mwaka?

Hoja hii aliitoa yeye mwenyewe, na ilinipa kazi. "Dada, Ramadhani tunakaa na njaa mwezi mzima. Nani kafa?"

Lakini kila Magharibi ikiadhiniwa kuna tende, uji, mihogo ya nazi, tambi, samaki, na alfajiri kuna daku. Sote tunawajua watu wanaoingia Ramadhani na mkanda tundu la tatu wakatoka nao tundu la nne kwa nje. Saumu inahamisha saa za kula, haifuti chakula. Na mgonjwa amepewa ruhusa ya kula tangu mwanzo. Kwenye grupu ruhusa hiyo sikuiona.

Hoja iliyonisumbua zaidi niliikuta kwa madaktari wenyewe. Uingereza, Roy Taylor na Mike Lean waliongoza utafiti uitwao DiRECT, matokeo yake ya kwanza yakatoka Desemba 2017. Watu wenye kisukari cha aina ya pili waliishi kwa kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu mpaka mitano. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao, asilimia 46, vipimo havikuonyesha tena kisukari, na dawa hawatumii.

Kwa hiyo kula kidogo si sumu? Kwa siku kadhaa niliona bora niliache andiko hili.

Kilichonirudisha ni vile walivyofanya. Walichokunywa kilikuwa supu na vinywaji vilivyopimwa, vyenye protini, vitamini na madini yote. Dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza na watu wenye taaluma hiyo, wakajua za kurudisha na lini. Chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Na walikuwa watu wenye uzito uliozidi na ugonjwa unaotokana nao. Mdogo wangu alianza akiwa na kilo 63, urefu wake wa kawaida tu. Hakuna aliyempima hata presha.

## Mstari mmoja

Wiki chache kabla ya harusi, siku zake zikakoma.

Akanyamaza. Akaenda duka la dawa la mtaa wa mbali asionekane, akanunua kipimo cha mimba. Mstari mmoja. Akanunua kingine. Mstari mmoja. Mama mdogo akakikuta kwenye ndoo ya taka, na nyumba ikawaka kwa jambo ambalo halikuwepo. Mshenga akapigiwa simu! Leo tunacheka, ila siku ile hakucheka mtu.

Hakuna aliyewaza kwamba mwanamke anaweza kukosa hedhi kwa sababu hali chakula. Ubongo ukiona nishati haitoshi hupunguza ishara zinazoamsha mayai, homoni ya estrojeni inashuka, na hedhi inasimama. Wapo wanaoifurahia, eti mapumziko. Estrojeni hiyohiyo ndiyo inayolinda mifupa, na mifupa tunaijenga mpaka kwenye miaka ya mwisho ya ishirini hivi. Baada ya hapo tunaishi kwa akiba. Binti wa miaka 26 anayekaa miezi bila hedhi kwa ajili ya gauni anachota kwenye akiba ambayo hajamaliza hata kuiweka. Hii haionekani kwenye kioo cha fundi, na haiumi.

## Moyo hautoi taarifa

Mwaka 1976 na 1977 kuliingia Marekani mtindo wa kuacha chakula kabisa na kunywa protini ya maji, kalori 300 hadi 400 kwa siku. Protini yenyewe ilitengenezwa kwa ngozi na kano, mabaki ya machinjioni. Watu walipungua kweli. Kisha vifo vikaanza kuripotiwa, zaidi ya 50, wengi wanawake, na baadhi yao walikuwa wanaonana na daktari na kumeza vidonge vya potasiamu. Moyo ulikuwa unapoteza mpangilio wa mapigo ghafla.

Potasiamu, magnesiamu na fosfeti ndivyo vinavyouwezesha moyo kupokea na kupitisha umeme wake. Chakula kikikatika vinapungua, na msuli wa moyo wenyewe unapungua. Usichokula huwezi kukifidia kwa limao.

Hatari nyingine iko mahali ambapo hakuna anayeitazamia: siku ya kuanza kula. Baada ya Vita vya Pili madaktari waliona mateka waliookolewa wakifa baada ya kupewa chakula. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, halafu akajaza wanga, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) inapanda na kuvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Vitamini B1 kidogo iliyobaki inamalizika. Moyo, mapafu na ubongo vinaweza kusimama wakati ndugu wanashukuru kwamba mgonjwa amekula. Sisemi kila anayemaliza ditoksi, ule mfungo wa "kusafisha mwili", akala pilau ataanguka. Wengi hula wakalala salama. Lakini mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayowapa madaktari miongozo ya tiba, humhesabu aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula, au akila kidogo mno, kuwa tayari yuko kwenye hatari. Grupu linauza ditoksi ya siku 7.

Mawe ya nyongo nayataja kwa kifupi tu: ukipungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki uwezekano wa kuyapata unaongezeka, kwa sababu ini linamimina kolesteroli nyingi kwenye nyongo na mfuko wake haubanwi, maana hakuna chakula chenye mafuta cha kuuamsha. Maumivu yake ni upande wa kulia chini ya mbavu. Wengi hunywa dawa za vidonda vya tumbo.

## Msusi alipobebeshwa lawama

Mwezi wa tano, ameolewa, anakula vizuri, mashavu yamerudi, nywele zikaanza kutoka.

Tulikuwa saluni. Msusi alifumua rasta, akapitisha kitana, na kitana kikatoka na kishungi. Akapitisha tena, kishungi kingine. Akakusanya zile nywele kwenye kiganja, akamwonyesha mdogo wangu kwenye kioo, na kabla hajasema neno akaanza kujitetea: dawa yangu ni ileile ninayowawekea wote. Mdogo wangu akamjia juu. Aliahidi kutorudi pale tena, na kweli hajarudi.

Msusi wa watu hakuwa na kosa. Mwili ukipata mshtuko wa njaa husukuma nywele nyingi kwa pamoja kwenye hatua ya kupumzika, na huanguka miezi miwili mitatu baadaye, wakati mwenye nazo ameshasahau tango. Kwa kawaida huota tena. Lakini kwa miezi hiyo utabadilisha shampuu, saluni, na pengine utamshuku mtu kakufanyia jambo.

Uzito nao ulirudi, na kilo kadhaa za nyongeza. Hapo ndipo alipolia. Vijana wa Minnesota nao, walipofunguliwa, walikula mpaka tumbo likajaa na bado wakahisi njaa. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha vipimo vya washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, miaka 6 baada ya shindano. Wengi walikuwa wamenenepa tena. Miili yao, hata wakiwa wamepumzika tu, ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Nilimsomea mdogo wangu kipande hicho kwa sauti. Akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Nikamwambia, si wewe.

Sijaandika haya kutetea kitambi. Presha na sukari zinatumaliza, na wapo wanaohitaji kupungua kweli, mimi mwenyewe nikiwemo. Anayepunguza soda na chapati ya tatu, akaacha maharage na samaki na mboga palepale kwenye sahani, akatembea, akapungua nusu kilo kwa wiki, simwonei shaka. Tatizo lake ni moja tu: hakuna anayempigia vigelegele, maana haonekani.

## Shangazi yumo

Juzi nimeingizwa kwenye grupu jipya. Kuna harusi nyingine Desemba, kamati imeamua tupungue pamoja ili sare zitukae. Siku 21. Yai, tango.

Nikapitisha macho kwenye orodha ya walioingizwa. Shangazi yumo.

Shangazi ana sukari, anameza glibenclamide. Dawa hiyo huliamuru kongosho litoe insulini, umekula au hujala. Nikauliza kwenye grupu, kwa adabu zote: mwenye kisukari anayetumia dawa afanyeje na mpango huu? Mwalimu akajibu kwamba wenye imani ndogo watuachie nafasi. Baada ya muda nikakuta nimeondolewa.

Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umetoka grupuni?"

Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema yuko vizuri, kilo tatu zimekwenda, ila presha inamsumbua: ikifika saa kumi jasho jembamba linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio, na jana alisahau njia ya kutoka sokoni mpaka kijana wa bodaboda akamshika mkono. Nikamwambia hiyo inafanana zaidi na sukari kushuka kuliko presha. Ikirudi anywe soda yenye sukari au maji ya sukari hapohapo, kisha ale, maneno baadaye. Na asipoona nafuu, au mtu akimkuta haelewi anachoambiwa, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Na leo ale ugali wake.

"Na ile elfu ishirini yangu?"

Nikamwambia nitamrudishia mimi. Kesho saa moja nampitia twende kliniki yake. Abebe boksi la dawa, na ule mpango wa siku 21 asiufute kwenye simu, daktari auone.